Mkono wa Seabata na Chai ya Bangi

Mathuso, mama yake Thuso, alikuwa anasonga ugali. Mumewe, Seabata, alikuwa ananoa mkasi wa kunyolea kondoo. Msimu wa manyoya ulikuwa umefika katika milima ya Mokhotlong, kusini mwa Afrika, na hakuna kijijini aliyenyoa kama yeye.

Lakini mkono wa kulia ulimuuma. Siku iliyotangulia farasi aliyempanda alijikwaa, Seabata akaanguka na kutua kwa kiganja.

"Umevimba, baba Thuso. Twende zahanati."

"Ya nini? Nichemshie bangi. Si kampuni zinailima kule bondeni kwa kibali cha serikali, zinaipeleka Ulaya iwe dawa ya maumivu? Wazungu wapone, mimi nilie?"

Swali lilimkaa Mathuso kichwani, lakini alichemsha.

Seabata alikunywa. Baadaye maumivu yakapungua kidogo, akaanza kucheka ovyo na kuyumba. Akashika mkasi. Ukamponyoka, ukachoma ardhi karibu na vidole vya mguu wake.

Mathuso aliogopa sana. Alimwaga chai iliyobaki, akampeleka zahanati kwa miguu.

Nesi Lineo alibonyeza kishimo kilicho chini ya kidole gumba. Seabata aliruka.

"Hapa pana kifupa kidogo. Huenda kimepasuka," nesi alisema. "Nitaufunga mkono, mwende hospitali akapigwe picha ya mfupa. Ukinyoa hivi hivi, kifupa kinaweza kukataa kuunga. Utauaga mkasi."

Seabata aliutazama mkono wake. Mkono ule ndio uliowalisha.

"Sasa nesi, bangi ya bondeni ni dawa au si dawa?" Mathuso aliuliza.

"Kwa baadhi ya wagonjwa, ndiyo. Ile hupimwa nguvu yake. Madaktari huwapa wengine wenye maumivu ya muda mrefu ya mishipa ya fahamu, au wanaotapika kwa sababu ya dawa za saratani. Kwa maumivu ya ghafla, bado haijathibitika kusaidia vya kutosha. Na ya sufuriani kwako nani aliipima?"

"Mimi, kwa kiganja."

Wote walicheka, hata Seabata.

"Maumivu ya ghafla yanakupa habari," nesi aliendelea. "Kwanza tujue yanatoka wapi. Pumzisha mkono, uinue, weka kitambaa chenye maji baridi. Meza parasetamoli, usizidishe kipimo. Isipotosha, rudi. Zipo dawa kali zaidi, ila hutolewa kwa uangalizi, kwa siku chache. Na daktari mwambieni kila kitu, hata hiyo chai."

Hospitalini, picha ilionyesha ufa. Mkono ukafungwa plasta ngumu.

Muda si mrefu Seabata alianza kuutafuta mkasi. "Hauumi tena!"

"Maumivu yameondoka, ufa bado," Mathuso alimjibu. Mkasi alikuwa ameuficha.

Msimu ule wengine walinyoa, Seabata akikaa pembeni akiwazomea waliokwaruza kondoo. Aliumia moyoni, lakini alivumilia. Plasta ilipotolewa, nesi alibonyeza tena kile kishimo. Seabata hakuruka.

Msimu uliofuata alinyoa kondoo wa kwanza, manyoya yakatoka mazima kama blanketi. Jirani akaja akichechemea, mguu umevimba.

"Mama Thuso, una bangi kidogo?"

Seabata aliweka mkasi chini. "Kaa hapo kwanza," alisema. "Mguu unauma wapi hasa?"