Viatu vya Uzi vya Cyusa

Asubuhi, mtaa wa Gatsata huamka ndani ya ukungu. Bonde la Nyabugogo halionekani. Honi za mabasi tu ndizo zinazopanda. Saa hizo Shakira huketi mlangoni na sindano zake za kufumia. Mwanawe Cyusa, wa miezi miwili, hulala kando yake kwenye mkeka. Shakira hufuma huku akiota ndoto za mchana. Humwona Cyusa amekuwa mkubwa, anatembea juu ya ukungu, wala hazami.

Kwa sababu ya ndoto hizo alichagua mchoro wa viatu vya mtoto wenye vitundu vingi. Aliuona kwenye simu.

"Hii ndiyo iko nzuri," alimwambia mumewe, Habumugisha.

"Viatu, au kichujio cha chai?" mumewe alimtania.

Shakira alicheka, akavifuma.

Siku moja Cyusa alilia. Alinyonyeshwa, akalia. Alibebwa mgongoni, akazidi kulia. Jirani yao Kabagwira, Mama Eddie, alisikia, akaja mbio. Yeye ni mshauri wa afya wa mtaa, na alikulia Tanzania.

"Mama Eddie, nisaidie! Mtoto iko nalia tu!"

"Pole, Mama Cyusa. Tumvue nguo zote. Na viatu pia."

Kidole kimoja cha mguu kilikuwa kimepenya kwenye kitundu. Uzi ulikuwa umekibana. Kilikuwa kimevimba, chekundu sana.

"Mana yanjye! Mungu wangu! Kidole nakatika?" Shakira aliuliza.

Kabagwira alikata uzi polepole kwa mkasi mdogo.

"Sasa twende kituo cha afya. Hata kama uzi umetoka, lazima nesi akione."

Nesi alikitazama kwa makini. Damu ilikuwa inarudi kidoleni. Njiani kurudi nyumbani, Shakira alilia.

"Ni mimi nilifunga mtoto yangu."

"Hukujua, mwenzangu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Chagua mchoro wa vitanzi vilivyobanana. Mdomo wa kiatu uvutike wenyewe, usitie kamba. Tumia uzi laini wa pamba. Ukimaliza, geuza kiatu, utazame ndani."

"Na kama iko kauzi kamebaki?"

"Kashonee ndani, au kakate. Mtoto akilia hujui kwa nini, tazama vidole vyake."

Shakira alifuma viatu vingine. Vilikuwa vizito kidogo, bila pambo lolote. Cyusa alirusha miguu, akalala vizuri.

Baada ya wiki chache alikuja Mutesi, jirani mwenye mimba. Alishika simu yenye picha.

"Nifumie kama hii, Mama Cyusa. Angalia, iko kama wingu!"

Vilikuwa viatu vyenye vitundu. Shakira aliitazama picha kwa muda. Moyo wake ulivipenda bado. Kisha akamvua Cyusa kiatu kimoja. Alama nyembamba ya ule uzi wa kwanza bado ilikuwa imezunguka kidole.

"Gusa hapa," alisema.

Mutesi aligusa. Kisha akaitia simu mfukoni.

"Basi, nifumie kama hivi vya Cyusa."