Kidonge Chini ya Ulimi

Jamani, hii nikiwasimulia mtasema nimetunga. Mwanamke kapoteza jicho kwa sababu mumewe alimdanganya mama yake mwenyewe kwenye simu. Mume mwenyewe anampenda mkewe mpaka mtaa mzima unamcheka. Bisheni mnavyotaka, ila someni kwanza.

"Wewe Vidole, umenisuka au umenichorea mto?" mteja aliuliza, kajikazia macho kwenye kioo cha saluni. "Huu mstari umetoka hapa vizuri, mbona huku unaenda kulisalimia sikio?"

Saluni nzima ikacheka. Mlangoni alikuwa amesimama Cheche, mume wa huyo msusi, fundi wa kuchomelea vyuma mwenye karakana mlango wa pili. Naye akacheka. Hawa wawili mtaa ulizoea kuwaita walinzi wa rais, maana wote walivaa miwani myeusi mchana kutwa. Mume kwa ajili ya moto wa kazi. Mke kwa ajili ya macho yake, yaliyokuwa na ugonjwa wa kuvimba kwa ndani, ule wa kulala na kuamka, mwanga ukimgusa anahisi amemwagiwa mchanga.

"Nyamaza nikurudie," Vidole alimwambia mteja. "Kichwa chenyewe kimepinda, unasingizia mstari."

Akanyoosha mkono kuchukua kitana. Kitana kilikuwa mezani mbele yake, chekundu, wala hakijafichwa na kitu. Mkono ukapapasa kulia, ukapapasa kushoto, ukaangusha chupa ya mafuta.

Cheche akaacha kucheka.

"Mke wangu, kitana si hicho hapo?"

"Nakiona."

"Kichukue basi."

Hakukichukua. Mteja akabaki na kichwa nusu, Cheche akamshika mkewe mkono, huyoo, moja kwa moja kliniki ya macho.

Daktari alimwangalia jicho la kulia kwa muda mrefu. Akaenda la kushoto. Akarudi la kulia. Cheche alikuwa anasoma uso wa daktari kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Vile vidonge vya kila wiki, vya kuzuia uvimbe," daktari alisema, "mara ya mwisho umemeza lini?"

"Jumapili," Cheche akadakia. "Kila Jumapili. Mimi mwenyewe nampa na maji ya kunywa."

"Baba, nimemuuliza yeye."

Vidole akainamisha kichwa. "Nina miezi mingi sijameza."

"Unasemaje?" Cheche akamgeukia. "Si nakupa mkononi?"

"Nilikuwa naficha chini ya ulimi. Ukienda kurudisha kikombe, natema."

Cheche alihisi kama amepigwa kofi na mtu asiyemwona. Kila Jumapili alikuwa anambusu paji la uso akimaliza kumeza. Kumbe alikuwa anabusu mtu mwenye kidonge mdomoni.

"Lakini daktari, macho yake hayakuwahi kuwa mekundu," akajitetea, kama ndiye mshtakiwa. "Yalikuwa meupe, ningejuaje?"

"Nilikuwa natia matone," Vidole akasema. "Yale uliyonipa mwanzo, daktari. Nikayazoea, nikawa najinunulia mwenyewe duka la dawa. Wekundu ukija, natia, unaondoka. Mume wangu anaona meupe, analala."

Daktari akavuta pumzi. "Yaliondoa wekundu wa mbele. Nyuma ya jicho moto uliendelea kuwaka. Halafu matone yale, mtu akiyatia muda mrefu bila kupimwa, yanaweza kupandisha presha ya jicho. Yako imepanda. Haiumi, haisemi, inaua mshipa wa kuonea taratibu. Jicho la kulia sitakudanganya, mama. Halitarudi."

"Hata kwa operesheni?" Cheche aliuliza. "Niuze karakana, nipige..."

"Hata ukiuza mtaa. Kilichokufa kimekufa. La kushoto nalo limeguswa, hilo tutalipigania. Ugonjwa huu si mafua, kwamba utaamka siku moja umeisha. Ni wa kuishi nao kama jirani mkorofi. Ninao wagonjwa wamezeeka nao, wanasoma, wanashona, kwa sababu hawakuacha dawa wala kukimbia vipimo. Na wewe ulikuwa unakwenda vizuri. Kwa nini uliacha?"

"Uliniambia vile vidonge na mimba haviendi pamoja," Vidole akajibu polepole. "Nilikuwa nataka mtoto. Na nimempata."

Ngoja niwaambie ukweli wa Cheche. Kitu cha kwanza kilichomjia kilikuwa furaha. Ikamrukia kifuani kabla hajaizuia. Kisha akaliona lile jicho linatazama ukutani badala ya kumtazama yeye, akaionea aibu ile furaha.

Daktari aliweka tochi mezani. "Ungeniambia tu unatafuta mtoto, ningekubadilishia mapema. Zipo dawa nyingine ambazo mama mjamzito anaweza kutumia, na ndizo nitakazokuanzishia leo. Ungempata mtoto, na huenda jicho ungebaki nalo."

Hapo ndipo Vidole alipolia. Daktari aliposema jicho limekufa, hakulia. Alilia kusikia njia ilikuwepo.

Nje, kwenye benchi la korido, Cheche hakuweza kuvumilia.

"Mimi nilikudai mtoto lini? Niambie. Siku gani mimi nilikuambia nataka mtoto kuliko macho yako?"

Vidole akatoa simu, akaisogeza karibu na jicho la kushoto, akatafuta, akabonyeza. Sauti ikatoka. Sauti ya Cheche mwenyewe.

"Mama, nielewe basi. Mwaka huu namvumilia. Ukiisha bila mtoto, natafuta mwingine. Sasa nyamaza, usinisumbue tena."

Chini yake kulikuwa na ujumbe wa mama mkwe: "Mwanangu, sikia mwenyewe anachosema mumeo. Nakuonyesha kwa sababu nakupenda. Usimwambie nimekutumia."

"Nilikuwa namnyamazisha mama," Cheche akasema. "Alikuwa ananipigia kila siku. Nikamrekodia tu kitu anachotaka kusikia, anipumzishe. Wallahi sikumaanisha hata neno moja."

"Mimi ningejuaje?"

"Ungeniuliza."

"Nikuulize nini, mume wangu? Kwani hiyo sauti ya jirani?"

Wewe ungemjibu nini?

"Ungenifukuza ningeumia nikapona," Vidole akaendelea. "Ila kukuona na mwingine kwa macho haya haya, nikasema bora yapungue kidogo nikae na wewe. Nilifikiri yatapungua kidogo tu."

Walipofika nyumbani, simu ya Cheche ikaita. Mama.

"Usimwambie," Vidole akanong'ona. "Yule ni mtu mzima. Akijua mkono wake umo kwenye jicho langu, hatalala mpaka anaingia kaburini. Na huyu mtoto atahitaji bibi, maana mimi sijui nitamwona sura mpaka lini."

Cheche akapokea, akaweka sauti ya nje.

"Haya mwanangu, kliniki wamesemaje? Mkwe wangu yu mzima?"

"Mama... ni mjamzito."

Mama akapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. "Si nilisema? Yale madawa ndiyo yalikuwa yanamfunga kizazi. Mimi nilijua namna ya kumsaidia, nyie mngebaki mnahangaika. Na macho je?"

Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno ya Cheche. Lote, na uchungu wake. Vidole akamkamata goti.

"Macho," Cheche akasema, "yanaendelea na dawa."

"Yatapona tu, mtoto kwanza. Mbusu mkwe wangu."

Simu ikakatika. Wakakaa kitandani, Cheche upande wa kulia wa mkewe, upande ambao haoni kitu. Vidole hakusikia kilio wala kwikwi. Akanyoosha tu ile mikono yake ya kusukia, akatafuta uso wa mumewe, akaukuta umelowa mpaka kidevuni.

"Hamia huku kushoto," akamwambia. "Nikuone, wakati bado naona."

Sasa niambieni, ndugu zangu, bila kunionea haya: ungekuwa wewe ndiye Cheche, na mama bado yuko kwenye simu anapiga vigelegele, ungemwambia ukweli, au ungeumeza?