Ukuta Wenye Kiu

Maji hayapotei hivi hivi. Yakimwagika huacha tope, yakivuja huacha doa, yakinywewa huacha kikombe. Lakini mtungi wa jikoni, aliokuwa ameujaza asubuhi kwa mkono wake na kuufunika kwa mkono huohuo, mshonaji aliufunua jua likiwa utosini akaukuta mkavu. Ndani mlikuwa na vumbi. Nje, sakafu haikuwa na unyevu wa kumlowesha hata sisimizi.

"Mama, umeoga tena?" alimuuliza mama mkwe wake.

"Kwani mimi bata?" bibi akajibu kutoka uani. "Muulize mumeo. Mafundi ujenzi hawanywi maji, wanayameza na ndoo yake."

Mshonaji akacheka, akaujaza tena. Kesho yake, saa ileile ya jua kali, mtungi ulikuwa mkavu, na ndoo ya kando, na birika, na hata kopo la maji ya kupigia pasi lililokuwa juu ya meza yake ya kushonea. Hapo hakucheka.

Na maji siku hizo hayakuwa ya mchezo. Mto ulikuwa umeshuka. Ulikuwa mto wa hifadhi, una kibao chake cha chuma pale darajani kinachokataza kuchimba, kukata na kulima, lakini malori ya mchanga yalikuwa hayajui kusoma. Yaliteremka matupu yakirukaruka, yakapanda yamejaa, yakichuruzika maji njia nzima, na nyuma yao kingo zikaporomoka, visima vikaingia tope, kina mama wakazidi kwenda mbali na ndoo zao. Ndipo siku moja mshonaji alipobeba cherehani yake, akaitua katikati ya barabara ya malori, akakaa, mtoto mgongoni, akaanza kushona.

"Anayetaka kupita," alisema, "apite juu ya sindano."

Wanawake wa mtaa wakaleta vigoda, wakaleta mboga za kuchambua, wakaiziba barabara. Tangu hapo jina lake likawa Mama Kizuizi. Madereva walimtukana kwa honi. Mkaguzi wa mito alikuwa ameahidi kuja kuwasikiliza, na mtaa mzima ulikubaliana kwamba siku hiyo atakayesimama kusema ni yeye.

Ilikuwa palepale barabarani, asubuhi moja yenye honi na vicheko, ndipo Mama Redio, jirani ambaye hajaficha neno tangu azaliwe, alipomtazama mtoto, akaacha kuchambua mboga.

"Mwenzangu, Bosi analia."

Bosi lilikuwa jina la utani la mtoto, kwa sababu nyumba nzima ilikuwa imeajiriwa naye.

"Anataka ziwa. Nitampa."

"Analia bila machozi."

Mshonaji akamgeuza. Kinywa kilikuwa wazi, uso umekunjamana, sauti inapanda na kushuka kama ya mtoto yeyote mwenye hasira zake, lakini macho yalikuwa makavu kama vifungo. Akaingiza mkono ndani ya nepi. Kukavu. Akajaribu kukumbuka mara ya mwisho alipoibadilisha kwa sababu ililowa, asikumbuke.

Zahanati haikuwa mbali. Muuguzi, mwanamke mpole mwenye kalamu nyweleni, alimpima mtoto joto, akamtazama ulimi.

"Anaharisha?"

"Hapana."

"Anatapika?"

"Hata. Ananyonya, anakunywa, anataka tena."

Muuguzi akampa maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko, na Bosi akayapokea yote kwa pupa. Kisha muuguzi akabana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili. Ikabaki imesimama, kama kitambaa kilichopigwa pindo.

"Sasa maji haya yanaenda wapi?" aliuliza, wala hakuwa anatania. "Kimbia nyumbani, leta nguo zake. Nikulaze naye hapa, na asipokojoa nikuandikie hospitali kubwa. Usichelewe, mama."

Njiani lori tupu likapunguza mwendo kando yake. Dereva alikuwa yule wanayemwita Kipara, bingwa wa honi.

"Mama Kizuizi! Cherehani imelala leo?"

"Niache. Mtoto anaumwa."

"Pole." Akainama dirishani, akashusha sauti mpaka ikawa ya watu wawili tu. "Ila nikuulize kitu. Ule ukuta wa chumba chake, mlaini kama shavu, mumeo aliupiga lipu kwa mchanga wa wapi? Mimi ndiye niliyemshushia. Mchana kweupe, wewe uko barabarani unawazuia wenzangu. Sasa chagua. Wewe nyamaza, na mimi nitanyamaza."

Akakanyaga mafuta, akamwachia vumbi.

Nyumba ilikuwa kimya. Bibi hakuwepo, na viatu vyake vya safari havikuwepo pia. Mshonaji akasukuma mlango wa chumba cha mtoto. Hewa ya mle ilikuwa baridi, baridi ya chini ya daraja, nayo ilinuka tope bichi, majani yaliyooza na samaki. Ndoo aliyoiacha mlangoni ilikuwa na maji nusu. Akaitazama. Maji yalikuwa yakishuka, polepole, bila tundu, bila kutikisika, kama yanavyoshuka katika kikombe cha mtu aliyeinama kunywa, na kwa kila mshuko ikatoka ukutani sauti ambayo kila mama aliyewahi kunyonyesha anaijua, gu, gu, gu, sauti ya koo linalomeza, na hapo akaona kwamba lipu ile nyororo imelowa kuanzia chini mpaka usawa wa kitanda, na kwamba ukingo wa doa umejikunja kama midomo, na kwamba Bosi, mgongoni mwake, ameigeuza shingo yake changa kuuelekea ukuta na kuufungulia kinywa, na kila ukuta ulipomeza mtoto alikuwa mwepesi kidogo, na mwepesi kidogo tena, mpaka uzito ndani ya mbeleko ukawa kama wa nguo iliyokauka kambani.

Akarudi kinyumenyume. Akagongana na mumewe, aliyekuwa ameingia kula chakula cha mchana, mwiko wake wa uashi ungali mkononi.

"Mchanga wa wapi?" mshonaji akanong'ona.

"Mchanga gani?"

"Usipandishe sauti. Kilichomo humo kinasikia. Ukuta ule, mchanga wa wapi?"

Fundi akatazama ndoo. Akatazama ukuta. Akaanza kuupangusa mwiko kwa pindo la shati.

"Wa mto," alisema. "Ule wa machimbo ya juu ulikuwa na kokoto, mama Bosi. Ungemkwaruza mikono. Nilitaka mwanangu awe na ukuta laini. Toroli chache tu. Mto wote ule, toroli chache..."

"Kila lori linasema hivyohivyo."

Nje pikipiki ikazima. Bibi alikuwa amerudi na mganga, mwanamke mnene mwenye magoti mabovu, aliyeshuka akiwa ameshika kiuno.

"Barabara gani hii?" alisema. "Malori yamekula njia yote. Hata jini akipita hapa ashuke atembee."

Hakuleta ubani wala kitabu. Aliingia, akavuta pumzi mara moja, na mzaha ukamtoka usoni. Akaomba mtungi mtupu. Akauweka sikioni kama simu, akasikiliza, kisha akamkabidhi mshonaji. Mshonaji akategea sikio. Mwanzoni alisikia ule mvumo wa kila chombo kitupu. Halafu mvumo ukawa sauti, si ya mume wala ya mke, sauti ya mbali ya mtu anayesema kutoka chini ya kina kirefu.

*Mlinichota. Nami nawachota.*

Mtungi ulimponyoka, ukapasuka. Vigae vyake vilikuwa vikavu.

"Mfukuze!" bibi akalia. "Mfukuze, nitakulipa chochote!"

"Nimfukuze kwenda wapi?" Mganga alisema kwa sauti ya chini, akiukodolea macho ukuta. "Jini anayefukuzwa ni yule aliyevamia. Huyu hakuvamia. Mlimtoa kwake kwa beleshi, mkamleta kwa toroli, mkampaka ukutani, mkamwambia akae. Aliyebebwa harudi kwa miguu yake, mama. Mbebeni."

"Usiku," fundi alisema haraka. "Tutambeba usiku. Watu wakiona, mke wangu atasimama na uso gani mbele ya mkaguzi? Watasema anazuia malori huku analala ndani ya mchanga wenyewe."

 Mganga alimtazama mshonaji.

"Huyu mtoto ana nafasi ya kungoja usiku?"

Mshonaji akaweka kidole kwenye utosi wa Bosi, pale pasipo mfupa. Palikuwa pamebonyea. Kidole kikakaa kama ndani ya kijiko.

"Leta nyundo," alimwambia mumewe.

Pigo la kwanza alilipiga mwenyewe. Ukuta ukatoa pumzi. Pigo la pili, na lipu ikaanguka, na nyuma ya ngozi ile laini mchanga ukamiminika umelowa, hauna hata dalili ya saruji, unateleza sakafuni kama kitu chenye kujua njia. Kila nyundo ilipotua kitu mle kiliguna, na kila kilipoguna Bosi aliyekuwa mikononi mwa bibi alishtuka. Kelele zikawaita wanawake kutoka barabarani. Wakajaa mlangoni, wakaona mchanga mweupe wa mto, mchanga wanaoujua kama wanavyoujua unga wao.

"Kumbe!" mmoja akasema. "Kumbe kizuizi kina mlango wa nyuma!"

"Na sisi jua linatuchoma kwa ajili yake!"

Mshonaji hakuinamisha macho. Vumbi lilikuwa limemfanya mweupe mpaka kope.

"Kina mlango wa nyuma," alisema. "Ndio huu naubomoa. Mje mnisute kesho, nitakaa nisutwe. Leo mwanangu anakufa. Shikeni makarai."

Walitazamana. Mama Redio, ambaye siku nyingine angekuwa ameshatangaza habari hii hadi darajani, alifunga kanga kiunoni. Alipita katikati yao, akachota karai la kwanza, akajitwisha.

Waliteremka mchana kweupe, mbele ya macho ya mtaa mzima, msafara wa wanawake wenye makarai vichwani. Wanaume walisimama vibarazani. Malori yalisimama, na kwa mara ya kwanza hayakupiga honi. Pale mtoni, mahali palipokuwa na bwawa la kuogea, palikuwa na shimo kubwa kavu lenye alama za meno ya mabeleshi. Wakamwaga. Karai baada ya karai wakamwaga, mpaka chumbani kule kukafagiwa, mpaka ufagio wenyewe ukakung'utwa shimoni.

Shimo likabaki kavu.

"Bado," mganga alisema.

Mshonaji akakung'uta nywele, akakung'uta mbeleko. Bibi akavua viatu, akavigonganisha. Fundi akageuza mifuko nje.

"Bado. Kuna punje mmebaki nayo."

Bosi alikuwa akilia, lakini sauti ilikuwa imekwisha; kilichobaki ni kinywa tu, kikifunguka na kufumba.  Ndipo fundi alipoutazama mwiko wake. Alikuwa ameushika muda wote bila kujua. Kwenye shingo ya mwiko, mahali ambapo kitambaa hakifiki, lipu ilikuwa imegandamana, ya ukuta ule. Ulikuwa mwiko wa marehemu baba yake, na mpini wake ulikuwa umelika ukafuata umbo la viganja viwili, cha baba na cha mwana. Aliubusu? Wengine wanasema aliubusu. Aliutupa.

Haukutoa mlio ulipotua. Chini ya shimo mchanga ukabadilika rangi, ukawa mweusi, ukazama kidogo, na jicho la maji likafunguka, dogo kama sahani. Upepo wa baridi ukapanda usoni mwao wote, wenye harufu ya tope na samaki, ukapita, ukaisha.

"Ala!" bibi akaruka. "Amenikojolea! Jamani, amenikojolea!"

Akalitandaza gauni lake lililolowa ili kila mtu aone, na mtu akacheka, na mwingine akacheka, na fundi akakaa chini kwenye ukingo akaficha uso. Mshonaji akamnyakua mwanawe. Shavu la mtoto lilikuwa na unyevu, na machozi yake yalikuwa ya chumvi, alionja kuhakikisha.

Mama Redio peke yake hakucheka.

"Jiko langu," alisema kwa sauti ndogo isiyo yake. "Sakafu ya jiko langu." Akageuka, akapanda njia bila kuaga. Yule aliyesema habari ya mlango wa nyuma akamfuata, kichwa chini. Na mwingine. Na mwingine.

Nyundo ya kwanza ikasikika kutoka mtaani kabla mganga hajamaliza kunawa mikono. Ikafuatwa na ya pili, kutoka upande wa msikitini, kisha ya kule sokoni, mpaka mtaa mzima ukawa unagonga, nyumba kwa nyumba, kama moyo uliochanganyikiwa.

"Sikia," fundi alisema, nusu kucheka. "Kumbe hatukuwa peke yetu."

Mikono huchoka. Ikafika wakati nyundo zote zikapumzika kwa pamoja, na katika kimya kile ikaja sauti nyingine, kutoka juu kilimani, kwenye paa la bluu la zahanati. Watoto wachanga. Si mmoja. Wengi, wanalia kwa pamoja.

Fundi alisimama taratibu. Uso wake ulikuwa umeishiwa damu.

"Wodi ya wazazi," alisema. "Ile mpya. Lipu tuliipiga sisi."

Mshonaji hakumuuliza mchanga ulikuwa wa wapi.

"Ule ni ukuta wa serikali," mumewe akamwambia, akimfuata mbiombio. "Mke wangu, watatufunga."

Lakini yeye alikuwa amekwisha kukaza mbeleko. Aliishika nyundo kwa mikono miwili, akaanza kupanda kilima, na kule juu vilio vilizidi kuwa vyembamba.