Umeme wa Alfajiri Kiwandani kwa Assunta

Kila siku, kabla hakujapambazuka, Assunta Iovine na mumewe Carmine huwasha mashine zao za jibini mjini Battipaglia. Ikifika saa tatu asubuhi, mozzarella yote, jibini yao laini, imeshauzwa. Kiwanda hicho kidogo Assunta aliachiwa na baba yake. Huringa nacho, na ana haki. Lakini mwaka mmoja bili ya umeme iliwakaba koo.

"Tukiendelea hivi tutafunga," Carmine alisema.

Ndipo akaja Sabatino, wakala wa kampuni ya umeme, aliyemsimamia binti yao ubatizo. Huko mtu wa namna hiyo na wazazi wa mtoto huitana kompare, na kompare hakataliwi kitu.

"Kompare, achaneni na bei ya serikali," alisema. "Njooni soko huria. Bei moja mchana na usiku, miaka miwili haipandi! Tia sahihi hapa."

Carmine akashika kalamu.

"Iweke chini," Assunta alisema. "Kahawa atakunywa. Sahihi, kesho."

"Unaniaibisha mbele ya kompare!"

"Aibu itapita. Kiwanda cha baba kikienda, hakirudi."

Jioni alikwenda kwa jirani yake Immacolata, mfanyakazi wa chama cha wafanyabiashara wadogo.

"Tukihama, watatukatia umeme?"

"Wapi! Nyaya ni zilezile, mita ni ileile. Anabadilika muuzaji, na bei. Bei ya serikali hupangwa upya kila miezi mitatu. Kwenye soko huria mnapatana wenyewe, kwa hiyo lazima ulinganishe. Umeme mwingi mnautumia lini?"

Assunta akaitazama bili. "Kabla ya saa moja asubuhi."

"Basi! Saa hizo umeme huwa rahisi. Bei moja ya mchana na usiku inamfaa kinyozi, anayefanya kazi mchana. Ninyi mtalipia alfajiri kama mchana."

Kesho yake Sabatino alirudi.

"Kompare, tunahama," Assunta alimwambia. "Lakini tunataka bei nafuu ya usiku na alfajiri, na iandikwe."

Sabatino akakuna kichwa. "Ipo. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Mimi nimeuliza."

Alipouleta mkataba mpya, Assunta aliusoma mstari kwa mstari. Sabatino alisubiri mpaka kahawa yake ikapoa. Kisha Assunta akatia sahihi yeye mwenyewe.

Bili iliyofuata ilishuka, na zilizofuata pia. Furaha iliyoje! Wenye viwanda wenzao wakaanza kuja kumuuliza Carmine amefanyaje. Naye hujifuta mikono, akamwonyesha mkewe kwa kidevu.

"Mimi nakanda jibini tu," huwaambia. "Muulizeni mwenye kiwanda."