Mkono Ambao Haukunyanyuka

"Njoo saa saba, kwenye chemchemi ya soko la mboga. Vaa shati la kukatwa. Jitka asijue."

Jitka alisimama jikoni na taulo kichwani, akausoma ujumbe ule mara tatu. Simu ilikuwa ya mchumba wake, Otakar, aliyeisahau kwenye chaja. Aliyetuma aliitwa Blanka. Blanka ndiye nani? Harusi ilikuwa imebaki wiki mbili, gauni limeshapunguzwa kiuno, na Otakar ameaga asubuhi kwamba anakwenda kumsaidia kaka yake kubeba kabati.

Kabati! Mtu aliyepasuliwa moyo Oktoba abebe kabati Mei? Hapo ndipo alipopaswa kushtuka tangu mwanzo.

Alivaa koti juu ya nywele mbichi, akapanda tramu. Aliposhuka katikati ya jiji la Brno, alisikia kwanza mngurumo, kisha akawaona: misukule, mamia kwa mamia, nyuso za kijani, nguo zimechanika, wanajikokota kati ya meza za figili na viazi. Aliijua siku hii ya kila mwaka, watu wanapojipaka rangi na kuandamana wakiigiza misukule. Otakar alikuwa ameapa kwamba hataicheza tena.

Alimkuta chini ya chemchemi, ameketi juu ya kreti la kabichi, kifua wazi. Mwanamke mmoja alikuwa amemwinamia, anaupaka mshono wake wa upasuaji sharubati nzito, nyekundu kama damu, iliyokorogwa na unga.

"Kumbe kabati lenyewe ndilo hili!"

Otakar aliruka. Mwanamke akabaki na brashi hewani. Alikuwa wa miaka sitini na kitu, meno kayapaka masizi.

"Binti, usimwonee wivu bibi kizee," Blanka alisema. "Mimi ni wa kupaka rangi tu."

"Heri ungekuwa hawara, mama! Hawara ningemng'oa nywele, yakaisha. Otakar, uliniahidi nini?"

"Mpenzi, nisikilize..."

"Kwa muda wa saa sita na nusu nilikaa kwenye korido ile ya hospitali. Walikusimamisha moyo, wewe! Leo unakuja kucheza maiti?"

Otakar alijishika kifua.

"Bwawani watu wakiuona mshono huu wanahamisha taulo zao. Hapa wananipigia makofi. Na hospitali niliogopa peke yangu, Jitka, hakuna wa kumwambia basi, inatosha. Hapa tunaogopa wote, halafu tunacheka. Na tuna neno la kuizima hofu."

"Neno gani?"

"Chumvi," Blanka alidakia. "Mtu akipiga kelele 'chumvi', kila msukule anaacha mchezo na kunyanyua mkono wa kulia. Asiyenyanyua, huyo kaumia kweli, tunamkimbilia. Ndiyo sheria yetu."

"Mimi je? Neno langu la kuizima hofu yangu liko wapi? Umewahi kuniuliza, Otakar?"

"Basi chagua. Ukiandamana, harusi hakuna."

Ngoma ikalia. Misukule wakaanza kujipanga. Otakar alimtazama mchumba wake, akaitazama ile safu.

"Hadi kanisani tu, narudi. Dakika ishirini."

Akaenda!

Jitka angeweza kupanda tramu akarudi nyumbani. Badala yake alijibanza kwenye meza ya muuza viazi, macho yamemganda kwenye mgongo wa Otakar. Alikuwa anaburuta mguu wa kushoto na kunguruma, na watoto walikuwa wanapiga mayowe ya raha. Kila Otakar akiyumba, Jitka naye aliyumba.

Kisha Otakar akaanguka.

Hilo peke yake halikumshtua mtu. Misukule walikuwa wanaanguka kila upande, ndio mchezo wenyewe. Lakini tangu apasuliwe, Otakar hakuwahi kwenda chini bila kutanguliza goti na kukinga kifua kwa mkono. Hata soksi aliziokota hivyo. Safari hii alikwenda uso kwa mawe.

"Huyu kiboko!" kijana mmoja alisema huku anarekodi kwa simu. Watu wakapiga makofi.

Jitka alifungua mdomo, sauti ikagoma. Akajaribu tena.

"Chumvi!"

Wachache wakageuka.

"CHUMVIII!"

Mngurumo ulikatika. Mkono mmoja ukapanda, kisha kumi, kisha soko zima: mikono ya kijani, mikono yenye mifupa ya plastiki, mikono ya watoto. Wote walikuwa wanatazama chini, kila mtu anatafuta. Mkono mmoja tu ulibaki juu ya mawe.

"Pisheni! Mimi ni wa gari la wagonjwa!"

Bwana mwenye shoka la mpira kichwani alipiga magoti, akamgeuza, akamgusa shingo.

"Hapumui. Wewe, mashine ya kushtua moyo ipo ukutani pale benki, kimbia!"

Akaanza kumkandamiza kifua. Sharubati ilimrukia hadi viwikoni, na hakuna aliyeweza kusema ipi rangi na ipi damu. Jitka aliishika miguu ya Otakar, akawa anaomba kwa sauti bila kujali nani anasikia.

"Mungu, mrudishe. Aandamane kila mwaka. Nitampaka rangi mwenyewe, nitamshonea na hayo matambara!"

Mashine ilimpiga mara moja. Ikampiga mara ya pili.

"Mapigo yapo," mwenye shoka alisema, akakaa chini akalia.

Otakar alifumbua macho hospitalini kesho yake mchana, rangi ya kijani ingali nyuma ya masikio.

"Nani alipiga kelele?"

"Mimi."

"Nilidhani huupendi mchezo wetu."

"Nyamaza. Watakuwekea kifaa chini ya ngozi. Moyo ukizubaa tena, kinaushtua."

"Mshono wa pili!"

"Blanka ameshaanza kununua sharubati."

Otakar alicheka, kifua kikamuuma.

"Nilikudanganya kuhusu kabati. Nisamehe. Na harusi?"

Macho ya Jitka yalikuwa kwenye kile kimstari cha kijani kinachorukaruka kwenye mashine ya moyo juu ya kitanda. Otakar akamwangalia vizuri, pengine kwa mara ya kwanza tangu Oktoba. Alikuwa bado amevaa koti la jana. Nywele zilikuwa zimekauka ovyo.

"Jitka," alimwita taratibu. "Chumvi."

Jitka alijaribu kutabasamu. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya paja. Aliutazama, naye Otakar akautazama. Haukunyanyuka.

Otakar alijisogeza hadi ukingoni mwa kitanda, mirija na yote, akafunua blanketi.

"Njoo hapa. Nisimulie ile korido. Anzia saa ya kwanza."

Jitka akavua koti.