Kilio Ndani ya Mtambo wa Bia

Jambo la kwanza lilikuwa usingizi. Ingunn aliamka asubuhi akiwa amelala usiku kucha, kitu ambacho hakikuwa kimetokea tangu amzae Eldrid, maana mtoto yule alikuwa na chango na akilia mbwa wa jirani humjibu. Usiku ule, kimya. Mumewe, Torgils, alijinyoosha kitandani akicheka.

"Mwanao amestaafu," alisema.

"Nyamaza wewe, usimwamshe," Ingunn akamjibu, naye akicheka. Wakanywa kahawa yao ingali ya moto, kama watu wasio na mtoto.

Kuna furaha za kutiliwa shaka mapema. Ingunn alipokwenda kumtazama alimkuta mtoto yu macho. Uso umemwiva, ngumi kazikaza, machozi yametiririka hadi masikioni, kinywa kimeachama mpaka ufizi unaonekana. Alikuwa akilia kwa nguvu zake zote, na sauti haikuwepo.

Wakamkimbiza hospitali. Daktari akamulika koo, akapapasa shingo, akasema koo ni zima, wasubiri. Walirudi theluji ikianguka, Ingunn amekaa kiti cha nyuma anamtazama mwanawe akilia bila hata mkwaruzo.

Siku iliyotangulia usiku ule wa kimya, Torgils alikuwa amepika bia ya Krismasi. Huku kwetu Voss, nyumba isiyo na bia yake ya Krismasi husemwa. Mama yake, Borghild, anayeishi nyumba ndogo ya uani, aliipika miaka yake yote kwa sufuria la shaba na kuni. Torgils alinunua mtambo wa umeme: pipa refu la chuma lenye pampu na kioo cha namba, linaloloweka kimea, linalochuja, kuchemsha na kupoza, yote humo humo, na wewe umekaa na simu yako. Ila hamira haikubadilika. Ilikuwa ya ukoo, imekaushiwa juu ya pete kubwa ya mti iliyochongwa na babu wa babu. Ukiitumbukiza kwenye togwa ya shayiri ingali vuguvugu, desturi yataka upige ukelele kwa pumzi yako yote, ili majini walio chini ya kilima cha nyuma ya banda wakae mbali.

Borghild alimkumbusha. "Usisahau kupiga ukelele, mwanangu."

"Mama, mtambo wenyewe unapiga. Ukiwa tayari unalia pii. Majini wako hawaogopi pii?"

"Cheka tu."

Na kweli akacheka. Mdharau mwiba mguu huota tende. Wakati wa kutumbukiza pete, Eldrid alikuwa ndio kwanza amesinzia chumba cha juu baada ya kubembelezwa muda mrefu, na Torgils akaona heri jini kuliko kumwamsha. Akanong'ona tu, "Huuu," akafunika mtambo ili bia ichachuke humo humo, akachomoa waya, akapanda ngazi kwa ncha za vidole.

Alasiri moja baada ya kutoka hospitali, giza limeshaingia kama kawaida ya Desemba, Ingunn alimwacha mtoto kwa baba yake, akashuka chumba cha chini kuchukua viazi. Harufu ilimpokea kwenye ngazi. Hamira ya Borghild hunuka maganda ya machungwa. Hii ilinuka udongo mbichi na maziwa ya kunyonyesha, yale yanayochachia kwenye nguo. Juu ya mtambo kizibo cha maji, kile kinachopumulia bia, kilikuwa kikitoa mapovu, blup, blup. Mara mapovu yakaacha, na Ingunn, mkono ungali ndani ya gunia, akasikia kilio cha mtoto, cha mbali, kilichofunikwa, kikipanda na kukatika na kupanda tena kama anavyolia Eldrid akiwa na njaa, na maziwa yake mwenyewe yakaanza kumtoka na kulowanisha blauzi kabla akili haijaelewa, maana mwili wa mama hauulizi kilio kinatoka wapi, akasogea, akasogea tena, mpaka sikio lake likagusa chuma, na chuma kilikuwa na joto ingawa waya umekunjwa sakafuni, na kwenye kioo ilisomeka thelathini na saba, joto la mtu, na mle ndani, chini ya kilio, akasikia mwanamke anabembeleza.

Alipanda ngazi kwa mikono na miguu.

"Torgils," alisema kwa sauti ya chini sana. "Mtoto yuko chini."

"Mtoto huyu hapa nimempakata."

"Sauti yake iko chini. Na kuna mtu anaibembeleza."

Torgils akashuka. Alirudi mbio, akapita mlangoni bila koti, akavuka uwanja kumwita mama yake. Borghild alikuja na viatu vyake vya zizini, akamtazama mjukuu anavyoachama, akamgeukia mwanawe.

"Ulipiga ukelele?"

"Nilinong'ona."

"Ulifanya nini?"

"Nilinong'ona, Mama. Mtoto alikuwa amelala."

Borghild akaketi taratibu. "Kunong'ona si kukaribisha huko? Hata mimi mtu akininong'oneza mlangoni nitaingia." Akashusha sauti. "Huyo aliyeingia, mama mkwe wangu alikuwa akimtaja. Ana mtoto, na mtoto wake alizaliwa bubu."

"Anamtaka Eldrid?" Ingunn akauliza.

"Hamtaki Eldrid. Anataka kilio chake tu. Bia ikimaliza kuchachuka, kimekuwa cha mwanawe moja kwa moja."

"Sasa tufanyeje?"

"Ukelele upigwe pale pale ulipokosekana. Bia imwagwe yote, msiionje. Na ile pete tuichome." Alipofika kwenye pete alimeza mate kwanza, kwa kuwa ilikuwa nzee kuliko nyumba waliyokaa, na aliipenda.

Wakashuka wote, Borghild kampakata mtoto. Mapovu yalikuwa yamepungua, moja, kisha kimya kirefu, kisha jingine. Torgils akafungua kifuniko. Povu lilikuwa limejaa hadi ukingoni, likipanda na kushuka kama kifua cha aliyelala. Akavuta pumzi, akaachama, hakikutoka kitu. Akajaribu tena mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, akashika koo lake, akamgeukia mkewe kwa macho ya mtu anayezama.

Ndipo mwanamke akasema kutoka ndani ya povu, kwa upole, kwa sauti iliyochoka. "Niachie. Wako amelia tangu azaliwe. Wangu hajalia hata siku moja."

Ingunn alimhurumia. Nalisema wazi kwa kuwa mwenyewe hakulificha. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na kwa kitambo alisimama pale kama aliyetaka kumjibu mwenzake. Kisha akamwona Eldrid mikononi mwa bibi yake, analia kimya, anamtazama yeye tu, akapiga ukelele. Ulimtoka tumboni, bila neno, ukaenda mpaka pumzi ikaisha na ukaendelea, chupa zikagongana kwenye rafu, povu likanywea, kile kioo kikazima, na nyuma yake Eldrid akalia. Alilia kwa sauti ya kukwaruza, yenye hasira, sauti yake mwenyewe.

Wakamwaga bia yote kwenye theluji nyuma ya banda, kwenye kile kilima kidogo. Pete, Borghild aliitupa kwenye moto wa jiko kwa mkono wake, akasimama mpaka ikawa jivu.

Baadaye waliketi mezani wakamwacha mtoto alie. Hakuna aliyembembeleza. Torgils, sauti imemrudia, alikuwa akicheka na kufuta machozi kwa pamoja. Eldrid aliponyamaza kuvuta pumzi, wakasikia kilio kingine, cha mtu mzima, kutoka kule kilimani. Kilikuwa kilio cha mwanamke aliyenyang'anywa. Kikashuka, kikavuka uwanja, kikafika ukutani, na Eldrid alipoanza tena, kikakoma chini ya dirisha.

"Anamsikiliza," Borghild akanong'ona.

"Atachoka lini, Mama?"

"Mwulize mkeo. Yeye angechoka?"

Ingunn aligeuka akalitazama dirisha. Alimkumbatia binti yake, na Eldrid alipoachama ili alie zaidi, akamziba mdomo kwa kiganja.