Aliyekaa Kwenye Laini

Modemu ilikuwa imechomolewa, waya wake wa umeme umelala sakafuni, na taa yake nyekundu bado ilikuwa inawaka.

Kitinda aliitazama kwa muda, kisha akaigeuza chini juu kutafuta mahali pa betri. Hapakuwa na mahali pa betri. Akajiambia kwamba labda vyombo vya siku hizi huhifadhi umeme kidogo tumboni, akairudisha juu ya kabati, akaenda kumgeuza mama yake, maana saa ya kumgeuza ilikuwa imefika.

Hivyo ndivyo siku zake zilivyokwenda, kwa saa za kumgeuza mgonjwa. Mama alipigwa na kiharusi miezi tisa nyuma, akabakiwa na mkono mmoja, nusu ya uso, na macho. Sauti ilikwenda yote. Kitinda, aliyeitwa hivyo kwa kuwa ndiye kitindamimba, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Aliomba ruhusa ya mwezi mmoja, mwezi ukazaa mwingine, hadi darasa lake likapewa mtu. Kaka yake, mtoto wa kwanza, alikuwa ng'ambo mwaka wa kumi na moja bila kutia mguu nyumbani. Kila alipoelezwa hali ya mama alisema anajipanga. Safari hii alipobanwa sana, alituma modemu. Intaneti ya simu inakatakata, alisema. Afungiwe ya waya, amwone mama uso kwa uso kila siku.

Kitinda alipofungua boksi alilia kidogo, kisha akajicheka. Alikuwa ameomba mtu, akaletewa kisanduku chenye taa nne.

Taa tatu zilikubali kuwa za kijani. Ya nne, ya intaneti, iligoma. Alifuata kikaratasi cha maelekezo neno kwa neno: alizima, akahesabu hadi sitini, akawasha, akachomoa waya wa simu, akaupuliza vumbi, akaurudisha, akabonyeza kile kitundu cha nyuma kwa ncha ya sindano hadi taa zote zikapepesa na kuanza upya. Nyekundu. Siku ya pili alipiga huduma kwa wateja. Binti mwenye sauti ya upole akamrudisha kwenye hatua zilezile, kisha vidole vyake vikasikika vikibonyeza kompyuta.

"Dada, huku naona umeunganishwa tangu saa tano asubuhi," akasema. "Tena kuna mtu anaongea kwa video sasa hivi."

"Kwangu taa ni nyekundu. Na humu ndani niko mimi na mama yangu mgonjwa tu."

Binti alidhani ni jirani anayewaibia, akambadilishia neno la siri. Kitinda hakumwambia kwamba nyumba ya jirani ilikuwa imefungwa kwa kufuli tangu mwaka jana. Hakutaka kulisikia jambo hilo likitoka mdomoni mwake mwenyewe.

Siku ya tatu akaja fundi, mtu mzima mwenye tumbo na maneno mengi, aliyesema kuwa nusu ya modemu anazoitiwa huwa hazijachomekwa. Alipima kwenye kisanduku cha nje, akasema mawimbi yanafika vizuri kabisa. Akapima ukutani sebuleni, akakuta pakavu, hakuna mawimbi. Alibadilisha waya. Alibadilisha soketi. Alitoa modemu mpya kabisa mfukoni mwa begi lake, akaifunga, na ile mpya nayo ikawasha nyekundu. Hapo akaanza kunusa hewa, akauliza kama kuna nywele zinaungua mahali. Kitinda alikuwa ameisikia harufu hiyo tangu jana, akadhani ni plagi.

Fundi akachomeka simu yake ya kupimia laini, akaiweka sikioni. Kitinda aliona utani ukimtoka usoni kidogo kidogo, kama maji yanavyoteremka kwenye beseni lililotoboka. Alisikiliza muda mrefu. Mwishowe akauliza, kwa sauti ya chini, kama mama mgonjwa anaongea. Akajibiwa kwamba ana miezi tisa hajatoa neno.

"Kuna mama mtu mzima humu," akanong'ona, akiisogeza simu mbali na kichwa chake. "Ananiita mwanangu. Ananiuliza nimekula nini." Alikuwa tayari anakusanya vifaa vyake kwa mikono miwili. "Dada, laini yako haina ubovu. Ina mtu."

Akaondoka bila hata kusainiwa fomu yake.

Kesho yake alasiri Kaka alipiga simu ya kawaida. Sauti yake ilikuwa ya furaha kiasi kwamba Kitinda hakuitambua mara moja. Alishukuru. Alisema intaneti sasa iko safi, ameongea na mama saa nzima, na akamlaumu kidogo, kwa mapenzi, kwa kumficha kwamba mama amepona. Mama amechangamka, alisema. Mama amemsamehe yote. Saa hiyo nzima aliyoisema, Kitinda alikuwa chumbani akimwogesha mama.

Alipomwambia hivyo, Kaka alicheka, akamtumia picha aliyoipiga kwenye kompyuta yake. Mama alikuwa amekaa sebuleni, kwenye kiti chake cha mikono, mgongo umenyooka, anatabasamu kwa uso mzima. Alivaa gauni la bluu. Kitinda alilijua gauni lile. Lilikatwa kwa mkasi hospitalini siku ya kiharusi, vipande vyake vikatupwa. Kisha akaona nyuma ya bega la mama mlango wa chumba uko wazi, na ndani ya chumba mwanamke ameinama juu ya kitanda, amewapa mgongo, ana kitambaa cha kuogeshea mkononi. Alikuwa yeye, Kitinda.

Tangu siku hiyo sebule ikawa na mwenyewe. Ilikuwa ikifika saa kumi, jua bado kali dirishani, watoto wa mtaani wanapiga kelele zao za mpira, Kitinda akiwa ameshika kijiko cha uji mbele ya mdomo wa mama, sauti inaanza upande wa pili wa ukuta, ya chini, ya mazungumzo, sauti ileile iliyomlea, ikicheka palepale mama alipokuwa akicheka, ikikohoa kile kikohozi chake kifupi kabla ya kusema jambo zito, na mama wa kweli, kitandani, akiwa ametoa macho na kuung'ang'ania mkono wa binti yake kwa vidole vyake vitano vizima, machozi yakimwagika upande mmoja tu wa uso, kwa sababu upande wa pili haukuweza hata kulia. Siku ya nne ya sauti hiyo Kitinda alijikaza, akatembea kwa vidole vya miguu hadi mlangoni, harufu ya nywele zilizoungua ikimkaba koo, akachungulia, akakiona kiti kitupu, na juu ya kiti mto uliobonyea kama umekaliwa, na unabonyea zaidi, kwa upande, kama aliyekaa anageuka kumtazama, na kule juu ya kabati taa ya nne, kwa mara ya kwanza, ikiwa ya kijani.

"Usije, mwanangu," sauti ilikuwa ikisema, kwa utamu. "Huyu dada yako anakuita ili akutwishe mzigo wake. Kaa na kazi yako. Mimi niko vizuri."

Alichomoa kila waya siku hiyo. Taa haikujali.

Mganga ambaye Kitinda alimwita alikuwa mama wa makamo aliyekuja na mkoba wa ngozi na miwani ya kusomea, akauliza maswali kama daktari. Hakuuliza sana habari za modemu. Aliuliza nani, kabla ya ugonjwa, alikuwa akikaa kwenye kile kiti saa kumi. Kitinda akakumbuka. Miaka ya mwanzo Kaka alikuwa akipiga simu saa kumi. Simu zikapungua, zikaisha, lakini mama aliendelea kukaa pale na simu mapajani, na siku moja akaanza kuongea vivyo hivyo: umekula, unalala vizuri, baridi haikusumbui? Kitinda alimsikia akiwa jikoni, akaona ni upweke, akamwacha.

"Kwa miaka mingapi?"

"Saba."

Mganga akavua miwani. "Miaka saba mtu anaita, kiti kilekile, saa ileile, na anayeitwa haitiki. Akaitika mwingine. Ni jini, mwanangu, na sauti hii ameinyonya kwa mama yako hadi ikamwisha."

Walifunga madirisha. Mganga alisoma dua, akanyunyiza maji pembe nne za sebule, akasoma tena, na harufu ikapanda hadi Kitinda akatapikia kiganjani, na taa nne za kile kisanduku kisicho na waya zikawa zinapepesa mbio mbio kama jicho la mtu anayezuiwa kusema. Kisha mto wa kiti ukajaa taratibu, ukakaa sawa. Mganga akaketi sakafuni, amelowa jasho.

"Kwenye kiti nimemtoa," akasema. "Kwenye laini siwezi. Huko kuna mtu amemshika. Kila anapomwita mama, jini anapata pa kukaa. Kaka yako ndiye wa kumkana. Maneno matatu tu: wewe si mama."

Kitinda alimpigia Kaka kwa video ya simu, ile inayokatakata. Alimweleza kila kitu, na kwa mara ya kwanza Kaka hakumkatiza. Alisikiliza hadi mwisho. Uso wake ulikuwa umezeeka. Kitinda hakuwahi kumwona na mvi.

"Miezi yote hii," Kaka akasema polepole, "nikipiga napewa habari za dawa na vidonda. Huyu ananiuliza nimekula nini."

"Huyo si mama, Kaka. Mama yuko hapa. Mtazame."

Akaigeuza simu. Mama alikuwa ameinua kichwa. Alimwona mwanawe, akapeleka ule mkono mmoja mbele, vidole vimefunguka, na kooni mwake kitu kikasukumana kutafuta njia kisiipate. Kaka alimtazama kwa muda wa pumzi mbili. Kisha akageuza uso pembeni.

"Mfunike," akasema. "Tafadhali, Kitinda. Mfunike."

Akakata simu. Mkono wa mama ulibaki hewani muda mrefu, hadi Kitinda alipoushika yeye na kuulaza.

Mama alifariki baada ya wiki mbili, asubuhi, akigeuzwa. Kitinda alipompigia Kaka kumpa habari, alimkuta mtulivu, kama anayemhurumia. Alimwambia asiseme mambo kama hayo, kwamba anaongea na mama sasa hivi. Na kweli, nyuma ya sauti yake, mtu akauliza ni nani anayepiga.

"Hakuna mtu, mama," Kaka akajibu, na simu ikakatika.

Majirani walimzika. Kitinda alimtumia kaka yake picha za kaburi, hazikujibiwa. Alinyofoa waya kutoka nguzoni hadi ukutani, akairudisha modemu ofisini kwa kampuni, akaona karani akiitia muhuri na kuiweka rafuni. Sebule ikanyamaza. Harufu ikaisha. Akaanza kutafuta kazi.

Mwezi wa pili baada ya mazishi, akiwa jikoni anaosha sufuria, Kaka akapiga. Alisema amekata tiketi, anafika Ijumaa. Kitinda akakaa kwenye kigoda. Hasira yote aliyokuwa ameihifadhi kwa ajili ya siku hiyo ikamponyoka, akalia kama mtoto, akamwambia karibu, karibu nyumbani, akamuuliza kama angependa wampitishe makaburini moja kwa moja au apumzike kwanza.

"Kaburi la nani?" Kaka akauliza.

Kitinda alijifuta machozi kwa kiganja.

"Nakuja kumchukua mama," Kaka akaendelea. "Nimekata tiketi mbili za kurudi."

"Modemu nimeirudisha, Kaka. Hakuna waya humu. Mnaongeaje?"

"Siku hizi ananipigia mwenyewe. Na amenisikitisha, Kitinda. Anasema unapita hapo sebuleni kama humwoni. Anasema anakuita tangu asubuhi na humwitikii." Akapumua. "Mwitikie, mdogo wangu. Ni mama."

Kitinda aligeuka polepole kuutazama mlango wa sebule. Kisha akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, kwa nguvu, asije akaitika, akabaki hivyo.